Bruda, Utaondoka Lini?



Likizo iliyopita nilitumwa kufanya kazi ya kichungaji nje ya Tanzania, katika kituo cha watoto yatima kinachoendeshwa na masista magharibi mwa Kenya. Nilikaa wiki sita. Lugha haikunisumbua, ingawa watoto walinicheka kila niliposema maharage badala ya maharagwe.

Siku ya kwanza, kabla sijatua begi, wadogo watano walikuwa wameshaning'ang'ania miguuni. Mgeni yeyote angefurahi. Sista anayesimamia nyumba ya wadogo aliniambia taratibu, "Bruda, mtoto anayelelewa na mama yake hamkimbilii mtu asiyemjua. Kwanza hujificha nyuma ya leso."

Watoto wale wamezoea watu wa kuja na kuondoka: wanafunzi kutoka Ulaya, vikundi vya parokia, sisi mafrateri. Tunacheza nao mpira, tunapiga picha, tunalia siku ya kuaga. Siku ya tatu mvulana wa miaka saba alinishika mkono akauliza, "Bruda, utaondoka lini?" Nikamtajia tarehe. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kucheza. Hakuuliza kama nitaondoka. Aliuliza lini.

Darasani tumesoma kwa Aristotle kwamba urafiki hutaka muda, na kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. (Wazee wetu nao wanaijua hiyo chumvi.) Wiki sita hazitoshi. Basi nikamwomba sista anipe kazi zisizomtaka mtoto anizoee sana: kufua mashuka, kuchota maji, kupasua kuni, na jioni kuwasaidia wakubwa hesabu. Kubembeleza usiku kulibaki kwa akina mama walezi wanaoishi pale mwaka mzima. Mchana mmoja nilikuwa kwenye karai la mashuka, na mama mlezi ambaye kwa kawaida angekuwa hapo alikaa kivulini saa nzima na mtoto mwenye homa mapajani. Kwa maoni yangu, anayejitolea anafaa zaidi kwenye karai.

Jambo lililonishangaza ni kwamba wengi wa watoto wale wana mama, nyanya au shangazi aliye hai. Waliletwa kwa sababu ya njaa, ugonjwa au gharama za shule. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi katika familia. Mezani masista hawakukubaliana. Mmoja aliuliza nani atawalisha huko nyumbani, na ni swali la haki. Mimi naona mchango ule ule tunaopeleka kituoni unaweza kumfuata mtoto mpaka kwa nyanya yake.

Jumamosi ya mwisho nilimsindikiza ofisa wa ustawi wa jamii kumpeleka yule mvulana akamwone nyanya yake. Tulipanda matatu mbili, kisha bodaboda. Nyanya alituchemshia viazi vitamu, halafu akahesabu kwa vidole kinachokosekana ili mjukuu arudi: godoro, sare, pesa ya chakula cha shule. Ofisa akaandika.

Ninapoandika haya mvulana bado yuko kituoni. Godoro limepatikana.