Maji ya Kijani ya Babu

Bwawa la Babu lilikuwa nyuma ya jiko, huko Machame, kati ya migomba na safu ya masale iliyotutenga na kihamba (shamba la nyumbani) cha jirani. Urefu wake ulikuwa mita 3 hivi, upana 2, na maji yalimfika mtoto kifuani. Yaliletwa na mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani, unaochepusha mto juu kabisa karibu na msitu na kuteremka kihamba kwa kihamba kwa zamu. Zamu yetu ikifika, Babu aliondoa kizibo cha udongo na magome ya migomba, shamba likanywa kwanza, kisha bwawa likapata kilichobaki. Hata kiangazi kilipokaza utaratibu huo haukubadilika. Samaki hawakutangulizwa mbele ya chakula cha watu.

Nasimulia miaka ya mwanzo ya 1990, tulipokuwa tukirudi shule na kwenda moja kwa moja bwawani hata kabla ya kuvua sare. Babu alikuwa amestaafu kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, alikokuwa mhudumu wa maabara. Alirudi nyumbani na kioo cha kukuza, pamoja na tabia ya kukiangalia kitu mara mbili kabla ya kukisema. Samaki wake wa dhahabu aliachiwa na familia moja ya Kijerumani iliyokuwa ikihama. Wachina walianza kuwatenga na kuwazalisha samaki hao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakichagua wenye wekundu kutoka kwa wenzao wasio na rangi ya maana. Ni samaki wa maji ya baridi. Dar es Salaam huwa wanahangaika, kwa sababu maji yakipata joto hewa iliyomo hupungua, lakini maji ya mlima yaliwakubali. Juni na Julai, ukungu unaposhuka na kukaa mpaka mchana, walizama chini wakaacha kula, na Babu naye akaacha kuwalisha.

Jua liliporudi, Septemba kuelekea Oktoba, mambo yalianza. Madume walitokwa na vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu. Alfajiri wakaanza kumkimbiza jike, wakimsukuma ubavuni mpaka kwenye mimea, maji yakirushwa hadi ukingoni. Jike hutaga huku akikimbizwa, na mayai yana unato, hushika chochote yanachokigusa. Na mchezo ukiisha tu, wazazi wote wawili hugeuka na kuanza kuyala. Ndiyo maana kwa Babu mmea ulikuwa na thamani kuliko chakula chochote cha samaki. Pasipo na mmea hapana kitoto.

Mwanzoni mmea huo ulikuwa gugu maji. Mizizi yake, myeusi na mirefu yenye vinyuzi vingi, ni mahali pazuri mno pa mayai kunata, na maua yake ya zambarau yalimpendeza Bibi. Lakini Redio Tanzania ikaanza kutangaza habari za Mwanza, za mitumbwi iliyonaswa na gugu hilo ziwani Victoria. Babu alisikiliza taarifa ile akiwa amesimama. Alijua gugu maji lilikuwa limeingia mto Pangani tangu miaka ya 1950, na alijua vilevile maji yetu yanakokwenda: kutoka mfongo hadi Kikafu na Weruweru, kisha Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani hadi baharini. Mmea ule unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Asubuhi yake tuliung'oa wote, tukauanika juu ya bati hadi ukakauka kabisa, tukauchoma. Bibi alinuna siku kadhaa. Mimi naamini Babu alifanya haki, na hadi leo nikiona mtu akiuza gugu maji mjini ndani ya beseni kama ua la mapambo, nasimama kumweleza.

Mahali pake Babu aliweka katani. Alinunua kamba sokoni, akaifumua nyuzi nyuzi, akaichemsha mpaka maji yakaacha kuwa ya rangi ya chai, akaifunga mafungu mafungu kwenye kipande cha mwanzi kilichoelea. Samaki hawakujali tofauti. Siku jike alipotaga, tuliinua mwanzi mzima na kuuhamishia kwenye pipa la lita 200 lililokatwa katikati, lenye maji ya bwawa lilelile, likawekwa kwenye kivuli chepesi cha mgomba.

Hapo ndipo kioo cha kukuza kilipofanya kazi. Yai zuri huwa angavu, dogo kuliko chembe ya ulezi. Lisilorutubishwa hugeuka jeupe na kuota ukungu, nasi tuliyatoa hayo kwa ncha ya unyoya wa kuku ili ukungu usiambukize mengine. Siku zilivyopita tuliona nukta mbili nyeusi ndani ya yai, nazo ni macho. Kisha nukta zilianza kugeuka huku na huku. Baridi ikizidi vifaranga waliweza kuchukua karibu wiki nzima kutoka. Kifaranga kipya ni uzi wa kioo wenye macho mawili, kimejibandika kwenye katani wala hakiogelei. Kinaishi kwa kiini kilichobaki tumboni. Baada ya siku mbili au tatu hupanda juu, humeza hewa kidogo kujaza kibofu chake, na kuanzia hapo huogelea kwa kulala sawa, kikitafuta cha kula.

Kipindi hicho ndicho kinachowaua vifaranga wengi wa samaki, na ndicho Babu alichokimudu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mdomo wa kifaranga ni mdogo mno kwa chakula cha dukani. Babu aliloweka maganda ya ndizi kwenye ndoo ya maji ya bwawa, akaiacha inuke, ikawa na utando, halafu harufu ikapoa na maji yakaanza kung'aa upya. Alichota kidogo, akadondosha tone kwenye kipande cha kioo, akatuita. Ndani ya tone lile kulikuwa na vijidudu vinavyozunguka bila kutulia. "Hayo ndiyo maziwa yao," alisema. Kila asubuhi walipata kikombe kimoja. Kiini cha yai la kuchemsha, kilichokamuliwa kwenye kitambaa, aliwapa mara chache sana, kwani kikizidi maji huoza usiku na asubuhi unakuta wote wamelala chini.

Maji ya pipa lenyewe yalikuwa ya kijani kizito, huoni mkono wako. Wageni walimcheka. Siku moja bwana afya alipita, akaona pipa, akaona bwawa.

"Shikamoo, mzee. Maji haya ni mazalia ya mbu. Itabidi yamwagwe."

"Marahaba, mwanangu. Chota mwenyewe uangalie."

Babu alimpa bakuli jeupe la enameli. Bwana afya alichota bwawani pembeni, akachota chini ya majani, akachota penye kivuli. Hapakuwa na kiluwiluwi hata mmoja, samaki walikuwa wamewamaliza. Kisha Babu akampeleka nyuma ya zizi kwa jirani, kwenye tairi bovu lililojaa maji ya mvua, na bakuli lile likajaa wanaojipindapinda. Tairi likaondolewa, pipa likabaki.

Adui wa kweli walikuwa watoto wa kerengende, wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa. Wana taya linalochomoka ghafla, na mmoja tu akiingia pipani humaliza vifaranga kimyakimya. Tuliwasaka kwa chujio la chai, na pipa likafunikwa kipande cha chandarua. Mdiria naye alikuja bwawani asubuhi, na dhidi yake Babu alitegemea yungiyungi alilolitoa kwenye chemchemi za Kahe, la maua ya buluu. Alilipanda kwenye chungu cha udongo mzito, juu akatandika kokoto ili samaki wasifukue, akaacha majani yafunike karibu nusu ya bwawa, yasizidi hapo.

Vifaranga walikua wakiwa na rangi ya shaba iliyofifia, na watoto wa jirani walisema Babu katapeliwa, hawa si wa dhahabu. Rangi huja baada ya miezi, ikianzia tumboni au mgongoni, na wengine hawabadiliki maisha yao yote. Hao wasiobadilika Babu hakuwatupa. Aliwaweka kwenye pipa la kunyweshea ng'ombe, wakala viluwiluwi huko.

Kihamba sasa anakiangalia binamu yangu. Mfongo unaleta maji kidogo kuliko zamani, lakini bwawa lipo, na Oktoba katani bado inatumbukizwa. Juzi alinipigia simu: amepata pampu na chujio kwa bei nzuri, anataka kumwaga maji yote na kusugua kuta ziwe nyeupe. Nimemwomba avumilie mpaka vifaranga wa msimu huu waweze kula kiluwiluwi mzima. Baada ya hapo asugue upande mmoja tu, na maji ya zamani abakize nusu.