Nchi ya Basotho, Iliyo Juu ya Milima

Mtoto akitazama ramani ya Afrika ya Kusini ataona ndani yake nchi ndogo iliyozungukwa pande zote kama kisiwa, ila kiizungukacho si maji bali ni nchi ya jirani. Hiyo ndiyo Lesotho, nchi ya Basotho. Haina pwani wala bandari.

Nchi hiyo yote imeinuka. Hata mahali pake pa chini kabisa ni zaidi ya futi 4,500 juu ya bahari, na kilele chake kirefu, Thabana Ntlenyana, chapita futi 11,400. Mwezi wa Juni na Julai theluji huanguka milimani. Kwa hiyo watu, wake kwa waume, hujifunika mablanketi mazito ya sufu, na wengi hupanda farasi wadogo wenye nguvu, waliozoea njia za mawe.

Mnamo mwaka 1824, siku za vita na njaa, Mfalme Moshoeshoe aliwaongoza watu wake mpaka Thaba Bosiu, mlima ulio tambarare juu na wenye majabali kandokando. Wakimbizi wa makabila mengine nao aliwapokea. Adui hawakuweza kuuteka mlima ule. Lakini mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Caledon yalitwaliwa na Makaburu, na mwaka 1868 nchi ikatiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, kama Mfalme alivyoomba, ili kilichosalia kisipotee. Uhuru ulipatikana tarehe 4 Oktoba 1966.

Hasara ile yaonekana hata leo. Yapata fungu moja tu katika kumi la nchi lafaa kulimwa, tena mvua huchimba makorongo na kuchukua udongo. Kwa miaka mingi wanaume walikwenda kufanya kazi katika migodi ya jirani, na wavulana wengi wakachunga kondoo milimani huku dada zao wakisoma shuleni.

Lakini milima iliyomnyima mkulima shamba ina maji tele. Kwa mapatano ya mwaka 1986 lilijengwa bwawa la Katse, lenye ukuta wa futi 600 na zaidi. Tangu mwaka 1998 maji yake hupita katika njia zilizotobolewa chini ya milima mpaka Afrika ya Kusini, nayo huyalipia. Hata hivyo, bonde lililofurika lilikuwa na mashamba ya watu, na fedha haioti mahindi. Basi mtoto ajifunzapo habari za bwawa lile, na aambiwe pia habari za wakulima wale.