Bata Dume wa Sita

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini wiki hizi kazi yangu kubwa hapa Witeithie imekuwa bata. Wasiofuga wanivumilie, hifadhidata tutairudia.

Kwa wageni: nina bata watano weupe, aina ya Pekin. Niliwanunua wakiwa vifaranga, nia yangu mayai. Walipofika kama miezi minne kila mmoja akaota lile nyoya la mkia lililojikunja, na sauti zikawa za kukwaruza kama za mtu mwenye mafua. Jamani, wote madume! Uwezekano wa jambo hilo ni moja kwa 32, na mtu wa tarakilishi angepiga hesabu hiyo kabla ya kulipa. Nikawapa majina kwa desturi ya sisi waandika programu, kuanzia Sufuri hadi Nne, nikabaki nao. Madume watupu, bila jike karibu, hukaa kwa amani kuliko watu wanavyodhani kwa sababu hawana wa kumgombania. Ukweli huo ndio ulionidanganya.

Kuna mzee jirani tunayemwita Guka. Nilipohamia hapa baada ya chuo ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuinua kibanda kutoka chini, maana udongo wetu mweusi mvua ikinyesha hushika maji kwa siku nyingi, na bata akilala kwenye unyevu miguu hupata vidonda. Sasa magoti yamemshinda, na binti yake amemchukua waishi pamoja Thika mjini, ghorofa ya tatu. Majike wake aliwauza. Lakini bata wake dume wa miaka mitano, Chifu, hakuna aliyemtaka ila mwenye hoteli mmoja, na sote tunajua alimtakia nini.

"Kijana wangu," akaniambia, "wewe si una madume tayari? Huyu mmoja atakuzidishia nini?"

Nikakubali papo hapo. Jioni hiyohiyo nikamtia ndani pamoja na wengine, nikafunga mlango, nikaenda kupika chai.

Wenzangu wa programu mnajua hii inaitwaje. Ni kupandisha programu kwenye seva Ijumaa jioni bila kuijaribu. Maji hayajachemka nikasikia vishindo. Sufuri alikuwa amemkamata Chifu shingoni, na wale wanne walimfuata kiongozi wao. Chifu alikuwa kwenye kona, hana pa kutokea. Nilipofanikiwa kumtoa, shingo ilikuwa inavuja damu na jicho la kushoto limefumba. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, akalala ndani ya katoni chini ya meza yangu ya kazi. Asubuhi nikakimbia agroveti kununua ile dawa ya zambarau ya kupuliza, kwa sababu nzi wakiwahi kidonda, mambo huharibika.

Guka alipiga simu usiku huo.

"Chifu amelala?"

"Amelala, Guka."

Haukuwa uongo. Alikuwa amelala miguuni pangu. Lakini siku ya pili alipouliza swali lilelile nilishindwa, nikamweleza yote. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Ulimtia tu hivyohivyo?"

"Ndiyo, Guka."

"Weka waya katikati. Wamzoee kwa macho kwanza." Akakata.

Nikaanza upya. Wiki mbili Chifu alikaa peke yake nyuma ya nyumba, apone, na pia nione kama ana kuhara, kikohozi au chawa wa kuwaletea wengine (jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, najua). Kisha nikamhamishia kando ya wenzake, waya wa kuku ukiwatenganisha, vyombo vya chakula pande zote mbili karibu kabisa na waya ili wale pamoja bila kugusana. Siku za kwanza Sufuri aliupiga waya kwa kifua. Siku ya sita nikawakuta Chifu na Tatu wamelala ubavu kwa ubavu, waya katikati.

Hapo nikafanya jambo moja ambalo nadhani ndilo lililosaidia kuliko yote: nilimtoa Sufuri na kumfungia mbali kwa siku nne. Chifu nikamkutanisha kwanza na Tatu, ambaye ni mpole, halafu na wengine mmoja mmoja, nje uwanjani mahali pasipo pa kundi wala pasipo na kona. Niliweka karai mbili za maji na chakula sehemu tatu ili mmoja asiweze kulinda vyote. Walisukumana vifua, wakavutana shingo, hata kupandana. Usiingilie hayo, ndivyo wanavyopanga nani mkubwa. Ingilia ukiona damu, au mmoja akizuiwa kula.

Sufuri alirudi wa mwisho, sasa yeye ndiye mgeni. Alimwendea Chifu moja kwa moja, wakazunguka kifua kwa kifua kama makanga wawili wanaogombea abiria, mimi nimesimama na ufagio mkononi. Nilikuwa nikiwatazama wale wanne. Safari hii hakuna aliyeungana naye. Tatu hata hakuacha kula. Chifu alisalimu amri, akakimbia hatua chache, na Sufuri akaridhika, akaenda kuoga.

Sasa wanalala pamoja. Asubuhi nikifungua mlango wote sita hutikisa vichwa juu na chini wakielekeana, ndiyo salamu yao. Chifu ni wa mwisho kwa cheo, lakini anakula na kushiba.

Guka atakuja Jumapili na binti yake. Jicho la kushoto bado lina ukungu, na sidhani kama litarudi lilivyokuwa. Hilo pia nimeshamwambia. Alichouliza ni kama ile karai yake kubwa bado ninayo.

Somo la hifadhidata ni wiki ijayo, kweli safari hii.