Mke mwenza wangu ni Land Rover

Wanawake wengi wanagombana na simu ya mume, au na baa ya mtaani. Mimi mwenzenu nimegombana na gari. Ni Land Rover 110 ya mwaka 1992, imepaki uani kwetu hapa Chikongola, na kwa muda mrefu niliihesabu kuwa mke mwenza.

Si kwamba haina kazi. Mama mkwe anaishi Msimbati, na mchanga wa huko hauna mzaha: gari dogo likiingia tu, linazama hadi tumboni. Tatizo lilikuwa hela. Tulikuwa tumedunduliza miaka miwili kwa ajili ya kiwanja, mara gari likaanza kugonga nyuma. Ukiachia klachi, "kong!" Ukipunguza mafuta, "kong!" tena. Gereji moja ikatuambia difu limekufa, tununue jingine. Bei yake ingemeza karibu nusu ya kiwanja.

Usiku ule tulizozana. "Gari au kiwanja, chagua moja," nilimwambia.

"Na mama akizidiwa usiku, tutambeba kwa kiwanja?"

Wote tukanyamaza.

Jumamosi alikuja rafiki yake, fundi wa mtaa wa pili. Alisema difu lisihukumiwe kabla ya kufunguliwa. Nguvu ya injini inapita kwenye gia boksi, shafti, kisha difu, ndipo ekseli zinaipeleka kwenye matairi. Yeye akaanzia mwisho, pale ekseli inaposhikana na tairi kwa flenji yenye meno ndani. Ni bolti tano tu, tairi halivuliwi.

"Shemeji, njoo uone." Meno ya flenji yalikuwa yamelika, makali kama kisu. Kugonga kote kulitoka hapo! Akafungua mfuniko wa difu: meno mazima kabisa. Ila oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia.

Akatueleza kwamba difu likiwa la moto ukaliingiza kwenye maji, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kipumulio kimeziba, maji yanavutwa kupitia kwenye sili. Tukaagiza flenji nzito zaidi kutoka Dar, zikaja na basi. Jumamosi iliyofuata tukafunga sili mpya, tukatia oili namba 90, tukapiga grisi kros za shafti, na kipumulio tukakiunganishia mpira mrefu unaopanda juu ya usawa wa maji. Mimi ndiye niliyeshika tochi na kuosha bolti kwa mafuta ya taa.

Humo humo tukaongea. Yeye hofu yake ni mama yake, mimi hofu yangu ni kuzeekea kwenye nyumba ya kupanga. Tukakubaliana: kila mwezi gari lina bahasha yake, hela ya kiwanja haiguswi.

Kwa hiyo dada, usiishie kununa jikoni, muulize kelele inatoka wapi. Na wewe kaka, mkeo aijue bei ya spea kabla hujalipa. Hizi 110 zinavuta matairi yote manne, lakini tairi moja likiteleza, nguvu yote inakimbilia huko. Ukitia loki ya katikati, mbele na nyuma vinavuta pamoja. Ila itie kabla ya kuingia mchangani, usingoje hadi mzame.