Wakati wa Kuhama Kamera

Utoto naupita haraka: nilizaliwa Tanga, nikajifunza kuosha filamu kabla ya kukabidhiwa kamera, nikaingia gazetini na kubaki humo mpaka kustaafu. Swali moja limenifuata kazi yote, na vijana walioshika nafasi zetu bado wanaliuliza: nihame Nikon niende Canon, au niziache zote mbili nichukue Sony? Jibu langu ni kwamba kamera yenyewe haiamui chochote. Kinachoamua ni mdomo wake, pale lenzi inapofungwa. Kazi ya habari huichakaza kamera kwa miaka michache. Lenzi nzuri hudumu miongo, na fedha ya mpigapicha imelala huko.

Nikon ilitoka na mdomo wake wa F mwaka 1959 ikaung'ang'ania. Canon, mwaka 1987, iliutupa mdomo wa FD ikaleta EF, na lenzi za zamani hazikuingia tena kwenye kamera mpya. Wapo wenzangu wanaouita usaliti mpaka leo. Siwaungi mkono. Mdomo wa EF ulikuwa na upana wa milimita 54, wa Nikon 44. Tena ulizungumza na lenzi kwa umeme mtupu, kila lenzi ikiwa na mota yake. Nikon, kwa kuwalinda wateja wa zamani, iliweka mota ndani ya kamera, ikizungusha vioo vya lenzi kwa kijiti cha chuma. Kwa lenzi fupi hilo halikuwa tatizo. Kwa lenzi ya milimita 300, yenye vioo vizito, mfungaji wa goli alikuwa ameshashangilia ndipo picha ikatulia. Ndiyo maana kando ya viwanja vya mpira katika miaka ya 1990 zilitanda lenzi nyeupe za Canon. Baadaye Nikon nayo ilihamishia mota kwenye lenzi, na mwaka 2018 ikaleta mdomo wa Z, milimita 55. Hoja ya mwaka 1987 ilikuwa imeshinda.

Nitaambiwa kuna adapta. Zipo, lakini tazameni zinavyofanya kazi: lenzi ya EF ikifungwa kwa adapta kwenye kamera mpya za Canon, zenye mdomo mwingine tena, hulenga yenyewe kama kawaida, ilhali adapta ya Nikon haina mota, hivyo lenzi za kijiti hulengwa kwa mkono. Aliyeitwa msaliti ndiye aliyewahifadhia watu wake mali. Nitaambiwa pia kwamba shirika la habari la Associated Press lilihamia Sony mwaka 2020. Shirika hununulia jeshi zima, wa picha na wa video wakitumia vifaa vya aina moja. Mpigapicha wa kujitegemea huuza lenzi mojamoja kwa hasara. Tena pete za lenzi za Nikon na Canon huzungushwa kinyume, na mkono uliozoea upande mmoja hukosea wakati tukio halisubiri.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kuuza chochote uliza kama kampuni yako imebadilisha mdomo au imetoa kamera mpya tu. Ikiwa imebadilisha mdomo, hata adapta ikikuvusha kwa muda, mwishowe lenzi utanunua upya, basi linganisha kampuni zote bila aibu. Ikiwa ni kamera tu, baki ulipo, na fedha hiyo nunua lenzi.