Usaili wa Jumamosi ya umuganda

Mwaka 2009, kwa sisi tuliokuwa tunatafuta kazi Kigali, vyeti havikutusumbua sana. Kilichotusumbua ni lugha. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mwaka uliofuata serikali ikaamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na makampuni ya nchi jirani yakaja na mameneja wao na maswali yao. Sisi tuliosomea uhasibu kwa Kifaransa mahesabu tulikuwa tunayafunga vizuri tu; kazi ilikuwa kuyaeleza.

Kampuni niliyoomba siitaji. Majina yetu yalibandikwa getini kwao, Kimihurura, karatasi moja yenye muhuri, na chini yake: Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, atakayechelewa hatapokelewa. Tulisoma, tukatazamana. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Asiyeijua Rwanda aelewe kwamba hiyo ndiyo siku ya umuganda. Tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi, kila mtu wa miaka 18 hadi 65 anatakiwa awe mtaani kwake, anafyeka, anazibua mitaro. Maduka yamefungwa, pikipiki za abiria hazionekani, na ukikutwa barabarani utaulizwa unakwenda wapi. Aliyepanga tarehe ile alikuwa mgeni, halina ubishi. Lakini nani angemwambia? Mwenye shida ya kazi hamsahihishi mwajiri, hata kalenda.

Nilitaka kutoka Nyamirambo kabla barabara hazijanyamaza, mvua ikanizuia. Nilipofika Biryogo wazee wa mtaa walishatoka.

“Kijana, tai hiyo ya nini leo?”

“Naenda usailini, mzee.”

“Usaili siku ya umuganda? Mawaziri wenyewe saa hizi wameshika majembe.”

Akanipa sepetu. Nilivua koti nikalitundika kwenye ua wa watu, nikakunja suruali, nikaingia mtaroni na viatu vya kuazima. Alikuwa mtu mwema yule mzee: kazi ilipokwisha, mkutano wa baadaye akanisamehe.

Getini nilikuta wenzangu wengi, tope hadi magotini. Waliokuwa ndani ni wale waliolala kwa ndugu zao jirani na pale. Mlinzi, Mnyarwanda mwenzetu, ndiye aliyekwenda kumnong’oneza katibu hadi tukafunguliwa. Kila aliyetoka chumbani tulimzingira: wamekuuliza nini? Waliokulia Uganda walitupangia sentensi za Kiingereza, sisi tukawakumbusha hesabu. Sijaona darasa zuri kama ule ukumbi.

Nilipoitwa, swali la kwanza la jopo lilikuwa kwa nini nimechelewa. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Mwenyekiti, mtu wa Nairobi kwa lafudhi yake, akaweka kalamu chini, akauliza kwa Kiswahili, “Umuganda ndiyo nini?” Hapo nikafunguka. Muda wangu mwingi uliishia kwenye mitaro ya Biryogo. Uhasibu ulipata dakika chache za mwisho, na lile swali lao la baada ya miaka mitano utakuwa wapi.

“Tutakupigia,” wakasema.

Hawakupiga. Kukosa kazi nilikuzoea. Kilichonikera, na kinanikera mpaka leo, ni kunyamaziwa. Mtu aliyekuja kwako na tope miguuni humwandikii hata ujumbe wa simu? Siku hizi anayeomba kazi serikalini hutuma ombi mtandaoni, anajua lazima apate alama 70 kwa 100, na asiporidhika ana pa kulalamika. Kampuni binafsi nyingi bado ni zile zile.

Kazi aliipata dada mmoja aliyekulia Kampala. Usiku ule alikuwa amelala kwa shangazi yake, Kimihurura hapo hapo. Tulipokutana baadaye Nyabugogo alinichekesha: agizo la kwanza alilopewa ofisini lilikuwa kuorodhesha Jumamosi zote za umuganda za mwaka na kuzibandika mlangoni kwa meneja.