Koti la Ngozi

Kwa miaka tisa hapa Sumbawanga tumeitwa Baba na Mama na mtoto ambaye hatukumzaa. Mama yake alikuwa mpangaji mwenzetu, akileta samaki wa Ziwa Rukwa kutoka Muze hadi sokoni mjini. Alipofariki, mtoto alikuwa na miaka mitatu, na ndugu hawakuonekana. Sisi tulikuwa tumezika watoto wawili. Watu walitusifu kwa huruma yetu, nasi tukazipokea sifa hizo.

Julai mwaka jana, baridi ya Ufipa ikiwa kali, mzee jirani yetu, daktari wa mifugo aliyesomea Moscow ujanani, alituita kwake tuone picha ya Kirusi. Inaitwa "Hatima ya Mtu", ya mwaka 1959, haina rangi. Sergei Bondarchuk aliiongoza na kuigiza yeye mwenyewe, kutokana na hadithi fupi ya Mikhail Sholokhov. Tulizunguka jiko la mkaa, mzee akitutafsiria, akiisimamisha picha kila mara ili atafute neno.

Andrei Sokolov ni dereva. Vitani anatekwa na Wajerumani. Bomu linamuulia mke na binti wawili, na mwanawe wa kiume anauawa siku ile ile ya ushindi, tarehe 9 Mei 1945. Kuna usiku mmoja mateka wamefungiwa kanisani. Daktari, mateka kama wao, anapita gizani akiuliza nani ameumia, na analirudisha bega la Sokolov mahali pake. Mwingine, mcha Mungu, anabanwa na haja lakini hawezi kuinajisi nyumba ya Mungu. Anagonga mlango atolewe nje, walinzi wanafyatua risasi. Mzee alisema aliyefanya ibada usiku ule ni daktari. Mmoja wetu hakukubaliana naye, na mpaka leo hajakubali.

Lakini aliyetukaa moyoni ni Vanya, yatima mdogo anayeokota mabaki mlangoni pa mgahawa. Sokolov anamwambia kuwa yeye ndiye baba yake. Mtoto anamrukia shingoni, akilia kwamba alijua tu baba atampata. Hapo mzee, aliyekwisha kuisoma hadithi yenyewe, akaongeza jambo: baadaye mtoto anauliza baba aliliacha wapi koti lake la ngozi. Sokolov hajawahi kuwa na koti la ngozi. Anajibu kwamba lilibaki Voronezh.

Tulitazamana. Wetu, alipokuwa na miaka minne, alituuliza liko wapi tenga la samaki. Tulimwambia ameota.

Wakati huo alikuwa akijiandaa kwa Kipaimara, na katekista alikuwa ametuomba cheti cha ubatizo mara tatu. Alibatizwa bondeni, na kitabu cha ubatizo cha huko kina jina la mama aliyemzaa. Tulimjibu katekista kwamba barabara ya mteremko imeharibika. Ilikuwa kiangazi, na magari yalishuka kila siku.

Kuna lililo baya zaidi. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, tuliandika kwenye bahasha ya nia za Misa majina ya watoto wetu wawili. Jina la mama yake hatukuliandika hata mara moja, lisije likasomwa naye akasikia. Tulisema tunamlinda mtoto. Ukweli ni kwamba usingizi uliturudia tulipompata yeye, tukaogopa kubaki tena wawili. Marehemu akanyimwa sala kwa ajili ya usingizi wetu.

Jumamosi iliyofuata tulimketisha juu ya magunia ya mahindi, tukamweleza yote. Alisikiliza akichezea kamba ya gunia.

"Kwa hiyo tenga lilikuwepo?" akauliza.

Lilikuwepo, tukamwambia. Lilikuwa kubwa, na ukingo wake upande mmoja ulikuwa umekatika, mama yako akaufunga kwa kitambaa.

"Cha bluu," akasema.

Jumatatu tulipanda gari la Muze, wote watatu, kwenda kufuata cheti.